Shemeji amenitengea sahani, bosi amenitoa saluni. Niondoke mjini?

Shikamoo mama,

Mimi ni kijana wa miaka 21, kazi yangu kinyozi, niko Makambako mkoani Njombe. Ninakaa kwa kaka yangu pamoja na mke wake na watoto wao wawili. Mdogo hajafikisha miaka mitatu.

Mama, nilizaliwa na virusi. Wazazi walifariki nikiwa mdogo, bibi akanilea kijijini. Kila jioni alikuwa ananipa vidonge akisema ni vya kifua. Nilikuja kuujua ukweli nikiwa darasa la saba. Nilisoma jina lililoandikwa kwenye kikopo, halafu siku ya kliniki nikaliona jina lilelile kwenye bango ukutani. Nilipomuuliza bibi alilia sana, na tangu siku hiyo hatukuligusa tena hilo jambo.

Sekondari nilikaa bweni. Kikopo cha dawa kinalia ukitembea, kila mtu anajua ule mlio. Basi nikawa navitoa vidonge, navifunga kwenye karatasi ya daftari na kuvitumbukiza ndani ya soksi kwenye tranka. Kidato cha tatu mwenzangu mmoja aliviona wakati wa ukaguzi. Nikamwambia ni vitamini, hakuniamini. Kuanzia hapo nikaacha kumeza. Nilikuwa mzima, nacheza mpira, nikajiambia labda nimepona.

Mwaka jana nilitokwa na mkanda wa jeshi ubavuni. Ukakauka, nikaendelea na kazi. Baadaye kikaja kikohozi, nikapungua, usiku naamka shuka imeloa jasho. Nikawa nanunua dawa duka la dawa kila wiki. Mwisho nilianguka saluni nikiwa namnyoa mteja. Hospitali wakasema ni kifua kikuu, na CD4 zangu ni 64. Nimeanza dawa za TB, na wiki hii nimeanza tena ARV. Vidonge ni vingi, mkojo umekuwa rangi ya chungwa, na kuna siku kusimama tu ni kazi.

Sijui nani alisema, ila kuna mhudumu wa pale anakaa mtaa wetu. Nilipotoka wodini mtaa mzima ulikuwa unajua. Bosi alinipigia, "Pumzika kwanza mdogo wangu, ukipona tutaongea." Nilipopita pale nikakuta mtu mwingine kwenye kiti changu, na rafiki yangu akaniambia bosi alikifuta kiti chote kwa spiriti. Vijana wa bodaboda wakiniona wanafanya "zzzz", kama waya wa umeme.

Nyumbani shemeji amenitengea sahani ya plastiki, na kikombe amekifunga uzi mwekundu mkononi kisichanganywe. Mimi nalala chumba kimoja na watoto, maana nyumba ni ndogo. Kanisani kwake kuna mtumishi anataka niingie maombi ya siku saba na niache dawa kuonyesha imani. Shemeji amesema nikikataa nitafute pa kwenda.

Na kuna mchumba wangu, anauza mitumba. Tulianza mwaka jana. Mwanzoni tulitumia kondomu, baadaye tukaacha. Sijawahi kumwambia. Juzi alinipigia akaniuliza, "Ni kweli wanayosema?" Nikakata simu.

Rafiki yangu yuko Mbagala, Dar es Salaam, anasema kuna kiti saluni kwao. Nataka kupanda basi la usiku bila kumuaga mtu. Nishauri mama.

Kinyozi, Makambako

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Basi la usiku liache kwanza. Nitalirudia mwishoni, na sisemi kwamba Dar usiende kabisa. Ila mtu mwenye CD4 64 na TB iliyoanza kutibiwa juzi hasafiri kwenda kuanza maisha mapya mahali ambapo hana hata kadi ya kliniki.

Ngoja nikueleze hiyo 64, maana sidhani kama wodini walipata muda. CD4 ni askari wa kinga walioko kwenye damu, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa mia tano na kuendelea. Ikishuka chini ya 200 tunasema ugonjwa umefika mbali, huo ndio UKIMWI wenyewe. Ulipoacha dawa kidato cha tatu hukuhisi kitu kwa sababu virusi havimwangushi mtu siku ileile, vinaibomoa kinga taratibu huku wewe unacheza mpira. Mkanda wa jeshi kwa kijana wa umri wako ilikuwa ni taarifa. Muuza duka aliyekuwa anakuuzia dawa ya kikohozi kila wiki angekupeleka kupima makohozi angekuwa amekusaidia zaidi, lakini hayo yamepita.

Habari njema ni kwamba kinga inarudi. Nimeona vijana waliobebwa kwenye machela wakarudi kubeba mizigo sokoni. Lakini inarudi kwa masharti, na wiki hizi za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Kinga ikianza kuamka, wakati mwingine inapambana na wadudu kwa nguvu hadi homa inapanda, tezi zinavimba, unajiona unazidi kuumwa. Wengi hapo husema dawa hazinipendi, wakaacha. Usiache, rudi kliniki wakuangalie. Kichwa kikiuma mfululizo bila kutulia, shingo ikikakamaa, ukianza kuona vitu viwiliviwili au kuchanganyikiwa, ukitapika kila unachokula au macho yakiwa ya njano, usisubiri tarehe ya kadi. Mwambie kaka akupeleke usiku huohuo. Na ukienda, uliza kama walikupima fangasi wa uti wa mgongo kwenye damu, kwa sababu mwenye CD4 chini ya 200 anatakiwa kupimwa.

Mkojo wa chungwa usikutishe, ni rangi ya rifampicin, dawa mojawapo ya TB. Hiyohiyo rifampicin hupunguza nguvu ya dolutegravir iliyomo kwenye kidonge chako cha ARV. Ndiyo maana mgonjwa wa TB kwa kawaida huongezewa kidonge kingine cha dolutegravir, kimoja asubuhi na kingine jioni. Angalia ulichopewa. Kama una kimoja tu kwa siku, waulize wahudumu wa CTC, hiyo kliniki ya VVU unakochukulia ARV, kesho, siyo siku ya miadi. Na vidonge visikae tena kwenye karatasi ya daftari, unyevu unaviharibu. Kama tatizo ni mlio wa kikopo, waambie hukohuko CTC wakushauri namna ya kuvitunza.

Sasa nyumbani.

Shemeji yako amekuumiza, na ule uzi mwekundu mimi nimeuona kana kwamba nimeushika. Virusi vya UKIMWI havipiti kwenye sahani wala kikombe, havipiti kwenye choo, shuka au kupeana mikono. Hilo limejulikana tangu miaka ya themanini, na linasemwa kwenye redio kila Desemba mosi. Lakini mwanangu, kuna jambo katika barua yako limenitisha kuliko sahani: unalala chumba kimoja na mtoto ambaye hajafika miaka mitatu, ndani ya Makambako, ambako kwa baridi yenu hakuna anayefungua dirisha usiku. Wanaogopa kijiko, na kitu chenyewe kinachoambukiza kiko kwenye hewa. TB inapita kwa kukohoa, na mtoto mdogo ikimpata inaweza kumshika vibaya sana.

Kwa hiyo usiku wa leo lala sebuleni, au watoto walale na mama yao. Dirisha liwe wazi mchana, funika mdomo kwa kitambaa unapokohoa, na ukiweza kaa nje juani. Kwa kawaida ukimeza dawa sawasawa, baada ya wiki mbili hivi hatari ya kuambukiza wengine inapungua sana, ila muulize mhudumu wa TB kuhusu hali yako mwenyewe. Wote wa nyumba hiyo wakapimwe TB. Mtoto aliye chini ya miaka mitano akionekana hana ugonjwa, anapewa dawa ya kumkinga. Huduma hizi ni bure, kama dawa zako zilivyo bure.

Na hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo na shemeji. Usiende kumlaumu kwa sahani. Nenda umwambie, "Shemeji, nataka watoto wapimwe, tufuatane kliniki." Mama akisikia hivyo ataona unawajali wanawe, na atakapokaa mbele ya muuguzi, la sahani litajibiwa na mtu aliyevaa sare. Wengi wanaobagua ndani ya nyumba ni waoga tu, hawajapata mtu wa kuwaeleza. Wapo pia wabaya wa makusudi, lakini shemeji aliyekubali ulale na watoto wake hajafika huko.

Nimesoma barua yako mara mbili nikimtafuta kaka yako. Bosi amesema, shemeji amesema, hadi bodaboda wamesema. Kaka, ambaye ndiye mwenye nyumba na ndiye damu yako, hakuna neno lake hata moja. Aidha amenyamaza, au wewe hujawahi kumkalisha chini. Mkalishe. Mgonjwa wa TB huchagua mtu wa nyumbani wa kusimamia umezaji wa dawa kwa miezi sita yote. Mwambie kaka unamchagua yeye. Mwanamume akipewa kazi ya kufanya huwa anapata sauti, hata kama alikuwa hajui aseme nini. Suala la kufukuzwa kwa sababu ya maombi litakuwa la kwake kulijibu, siyo la kwako.

Kuhusu huyo mtumishi nitasema kwa kifupi. Mwaka 2011 nchi hii ilikwenda Loliondo. Kijijini Samunge, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alikuwa anagawa kikombe kwa shilingi 500, foleni ya magari ikalala barabarani siku kadhaa. Mawaziri walikwenda, maskini walikopa nauli. Waliokuwa kwenye ARV wakaamini wamepona na kuacha dawa walirudi hospitali wakiwa hoi, na wengine hawakuwahi. Maombi nenda, mimi mwenyewe nasali. Chukua dawa zako uende nazo, saa ikifika meza na maji. Mtumishi akisema kidonge kinamkasirisha Mungu, mwulize kama naye huvua miwani anapofungua Biblia.

Kazi. Hapa nitayatenganisha mambo mawili ambayo bosi wako ameyachanganya. Kwa ajili ya TB, ni kweli usingefaa kusimama kwenye chumba kidogo chenye watu katika majuma ya kwanza ya dawa. Ungeniuliza ningekwambia upumzike, na bosi mwenye akili angekushikia kiti mpaka daktari aseme uko tayari. Lakini kukutoa kwa sababu ya VVU ni kosa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa hali hiyo, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa wenyewe. Ukitaka kulalamika umeachishwa isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, watu huiita CMA, hupokea shauri ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Kukosa mkataba wa maandishi, kama ilivyo kwa vinyozi wengi, hakukuondolei haki, ila kunafanya kazi ya kuthibitisha iwe ndefu, hasa kama mlikuwa mnakwenda kwa hesabu ya siku. Ushauri wangu: mtumie bosi ujumbe wa simu leo, kwa adabu, umuulize kiti chako kipo au hakipo. Jibu lake litunze. Kama atasema kipo, umepata kazi. Kama atasema hakipo, umepata ushahidi.

Na kama atakuuliza juu ya wateja, mjibu kama fundi. Mashine haichani ngozi ikitumika vizuri. Wembe ni mmoja kwa kichwa kimoja, kisha unatupwa. Meno ya mashine yanafutwa spiriti kila baada ya mteja, na damu ikitoka, hata tone, kifaa kile kinawekwa pembeni mpaka kisafishwe. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili yako. Kuna homa ya ini aina ya B, yenye virusi sugu zaidi nje ya mwili kuliko VVU, na mteja yeyote anaweza kuja nayo bila kujua. Saluni ambayo inahitaji kujua nani ana nini ndipo isafishe vifaa, mimi ningeikimbia hata kama vinyozi wote wangekuwa wazima kama chuma.

Kuhusu mhudumu: kutoa siri ya mgonjwa ni kosa kwa sheria hiyohiyo ya 2008. Unaweza kumwandikia mganga mfawidhi wa kituo na kueleza jinsi habari zilivyovuja. Ila umeandika mwenyewe kwamba hujui nani alisema. Usimtaje mtu kwa kuwa tu anakaa mtaa wenu. Huo nao ni uvumi, na unajua unavyouma.

Nimechelewesha la mchumba kwa sababu ndilo nililokuwa nalipangia maneno. Mwanangu, hapo umekosea, na sitalizunguka. Ulijua hali yako, ulikuwa huna dawa mwilini, mkaacha kondomu. Sheria ya 2008 inamtaka anayejua hali yake amweleze mwenza wake bila kuchelewa, na kuambukiza kwa makusudi ni jinai. Nayasema hayo ujue uzito wake. Sababu kubwa ni kwamba huyo binti yupo kwenye mitumba yake hivi sasa anakunja nguo na hajui kama anahitaji dawa au hapana. Wewe umepata 64 kwa kuchelewa. Kama naye ameambukizwa, akianza sasa atakuwa mbali sana na hapo ulipo. Kama hajaambukizwa, apewe nafasi ya kubaki hivyo.

Mpigie. Kama sauti itakukwama, kwenye CTC wapo washauri wanaofanya kazi hiyo kila siku. Unaweza kwenda naye akaelezwa mbele yako, au mhudumu akamtafuta yeye mwenyewe na kumwambia anahitaji kupima, bila kukutaja. Mimi ningependa asikie kwako, kwa sababu ameshakuuliza na wewe ukakata simu. Sema hivi tu: "Ni kweli. Nilizaliwa nayo. Nilipaswa kukwambia kabla na sikukwambia. Nakuomba ukapime, nitakusindikiza ukitaka." Usimwombe msamaha na ndoa kwenye simu moja. Apime sasa, na arudie miezi mitatu baada ya mara ya mwisho mliyokutana. Ipo dawa ya dharura ya kuzuia maambukizi, lakini huanzwa ndani ya saa 72, na kwenu zimeshapita. Akiwa salama na akitaka kubaki na wewe, kuna dawa kinga ya kumeza kwa asiye na virusi, na kondomu hazikwepeki mpaka kipimo chako cha wingi wa virusi kionyeshe kwamba havionekani tena kwenye damu. Kwa kawaida hupimwa baada ya miezi sita ya dawa. Ukifika hapo na ukabaki hapo, humwambukizi mtu kwa ngono, na unaweza kupata watoto wasio na virusi. Akiamua kuondoka, muache aende.

Hao wa "zzzz" nimewaweka mwisho maana ndio wepesi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta Njombe asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Maana yake kila watu wanane, mmoja. Hesabu pikipiki pale kijiweni, halafu uniambie ni wangapi kati yao wanaonguruma mchana, na jioni wanameza kidonge wamegeukia ukuta. Uliza CTC kuhusu klabu ya vijana na siku zake, na uliza kama Konga, yaani muungano wa vikundi vya watu wanaoishi na VVU, iko karibu nanyi. Utakuta humo vijana waliozaliwa nayo kama wewe, waliopewa "dawa za kifua" na bibi zao. Sitashangaa ukimkuta na bodaboda mmoja.

Mbagala sasa. Maliza kwanza miezi miwili ya mwanzo ya dawa za TB, ile ya dawa nne kwa pamoja, mpaka makohozi yapimwe tena. Baada ya hapo kama bado unataka kwenda, nenda mchana. Kabla hujakata tiketi pita CTC na kitengo cha TB uombe barua ya uhamisho, uwatajie kituo unachokwenda, na uombe dawa za kukutosha mpaka upokelewe kule. Mwambie rafiki yako ukweli kabla hujafika mlangoni kwake, maana mtakuwa mnalala geto moja na kikopo kitakuwa mezani. Kama hawezi, ni afadhali ujue ukiwa bado Makambako.